Kabla Hujabonyeza Sasisha

Mpwa wangu mpendwa,

Hongera kwa kazi mpya. Mama yako alipotupa habari kwamba umekabidhiwa mitambo ya ufungashaji katika kiwanda cha unga, nyumba nzima ilifurahi.

Umeniandikia kwamba meneja amekupa kompyuta mpya yenye Windows 11, na anataka programu ya kuundia na kurekebishia paneli za kugusa za mashine ipandishwe hadi toleo la karibuni kabla mwezi haujaisha. Umeniuliza kama kuna ubaya. Jambo hili halitoshi kwenye simu, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Jibu langu ni hili: usipandishe toleo mpaka kiwanda kiwe na kila kitu cha kukirudisha kilipotoka. Mashine ni mali ya kiwanda, lakini uwezo wa kuibadilisha umo ndani ya programu, na programu ina wenyewe. Wenyewe wakiamua kwamba paneli yako imepitwa na wakati, hawaji kuing'oa. Itaendelea kuwaka na opereta ataendelea kuigusa. Utajua umeachwa siku utakapotaka kuongeza kitufe kimoja tu, ukakuta programu mpya haina jina la paneli hiyo kwenye orodha yake.

Chanzo cha tatizo hili ni umri. Mashine ya kufungasha ikitunzwa vizuri hufanya kazi miaka 20 na zaidi. Sasa tazama mifumo ya kompyuta tunayoitegemea kuihudumia. Windows XP ilitoka 2001, na msaada wake ukakoma Aprili 2014. Windows 7 ilitoka 2009, ikakoma Januari 2020. Windows 10 ilitoka 2015, ikafikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine iliyofungwa mwaka 2005 imeshuhudia yote mitatu ikiachwa, na bado inatoa pakiti. Hata ndani ya paneli hali ni hiyohiyo. Nyingi za miaka ile, zikiwemo Multi Panel za Siemens na PanelView Plus za Allen-Bradley, zinaendeshwa na Windows CE, mfumo mdogo ulioanza 1996. Toleo lake la mwisho liliachwa rasmi Oktoba 2023.

Kuna njia tatu ambazo kwazo paneli hupotea, na uzijue zote. Ya kwanza ni faili la mradi. Katika TIA Portal, programu ya Siemens ya kuundia paneli, mradi ukishapandishwa kwenye toleo jipya, toleo la zamani haliwezi tena kuufungua. Kama hukubakiza nakala ya awali, umevunja daraja huku mzigo wako ukiwa bado ng'ambo. Ya pili ni draiva. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, na draiva za biti 32 zilizokuwa zikiendesha kebo za zamani za kupakia programu hazifanyi kazi humo. Utachomeka kebo, taa yake itawaka, na kompyuta haitaiona. Ya tatu ni mtandao. Paneli nyingi za zamani hutuma kumbukumbu za uzalishaji kwenye folda ya kompyuta kwa itifaki ya SMB1 tu, na Windows mpya huja bila itifaki hiyo.

Hapo kwenye SMB1 nataka uwe mtu wa haki. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita katika udhaifu wa SMB1, kikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza na kusimamisha viwanda vya Renault. Microsoft walikuwa na sababu ya kuiondoa, na anayetengeneza programu hawezi kuvijaribu vifaa vyote vya dunia milele. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kusonga mbele. Ninachokataa ni kiwanda kuburutwa kwa ratiba ya mtu mwingine, na ninyi mafundi mkaitwa baada ya uamuzi kupita.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda ambacho mkandarasi alikuwa ameondoka na faili la mradi. Fundi wa pale alipandisha mfumo wa ndani wa paneli ili ulingane na programu mpya. Kwenye paneli nyingi hatua hiyo hufuta kila kilichomo, nayo ikafuta. Skrini zote zikapotea, pamoja na kengele za tahadhari na mapishi ya kila bidhaa. Tulizichora upya moja baada ya nyingine kwa kuwauliza maopereta. Mama mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyekuwa na vipimo vya joto vya kuzibia mifuko kichwani, na bila yeye tungechelewa zaidi. Wala usidhani ungeweza kuichomoa kazi hiyo kutoka kwenye paneli nyingine ya aina ileile. Kinachokaa ndani mara nyingi ni programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa ya kuendeshwa tu. Unaweza kuinakili na kuirudisha, lakini huwezi kuifungua ukaihariri.

Usizidharau paneli hizo kwa sababu vioo vyake si laini kama simu yako. Nyingi zina kioo kinachopokea shinikizo: tabaka mbili zinagusana pale kidole kinapobonyeza. Kwa hiyo hufanya kazi hata kama opereta amevaa glavu au vidole vina unga. Kioo cha aina ya simu hutegemea uwezo wa mwili kupitisha umeme, na si kila kimoja kinakubali glavu. Tena paneli mpya huenda isiingie kwenye tundu la zamani la kabati, italipiwa kwa fedha za kigeni, na utaisubiri mzigo ufike. Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao.

Basi fanya hivi. Andika orodha ya paneli zote: modeli, namba ya toleo la mfumo wa ndani, na kebo inayotumika. Tafuta faili asilia la mradi wa kila moja, na kama liko kwa mkandarasi, kiwanda kilidai kwa barua. Chukua chelezo ya paneli yenyewe, uihifadhi sehemu mbili tofauti. Laptop ya zamani isifutwe. Sakinisha pia programu ya zamani ndani ya kompyuta pepe yenye Windows inayoikubali, na leseni zake ziwe mahali panapojulikana. Paneli zitenge na intaneti na mtandao wa ofisi, maana hazipati tena marekebisho ya usalama. Kisha soma orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na toleo jipya, ujaribu kwa paneli moja siku ya matengenezo, wala si siku ya uzalishaji.

Na kiwanda kikinunua mashine nyingine, omba ukae kwenye kikao. Uliza mambo mawili: je, faili la mradi litakabidhiwa kwetu, na je, vipuri na programu vitahudumiwa kwa miaka mingapi? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Hapo ndipo paneli ya miaka 15 ijayo inapookolewa, na fundi asipokuwepo hakuna atakayeuliza.

Meneja wako mweleze kwa heshima. Usimwambie kwamba hutaki toleo jipya, kwa sababu ipo siku utalihitaji kweli: vioo hivi huchoka, na taa zake za nyuma hufifia. Mwambie unataka kiwanda kihame kwa siku kinayoichagua chenyewe, kikiwa na bajeti na njia ya kurudi. Meneja anayejali uzalishaji atakuelewa.

Ukimaliza orodha nitumie, tuipitie pamoja kabla hujagusa chochote. Msalimie mkeo, na mama yako mpigie simu, anakungoja.

Wasalaam,
Mjomba wako