Kimya cha Kikao cha Ukoo

Ubaya mkubwa haufanywi na watu wabaya peke yao. Waovu ni wachache na nguvu zao ni haba. Wasingefika mbali kama watu wema wasingewafungulia njia. Mwizi huhitaji giza. Dhuluma ya desturi huhitaji mchana, mashahidi, kinywaji na maneno ya adabu. Jambo hili huonekana waziwazi katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako ardhi ni haba na huheshimiwa kama mzazi.

Kihamba cha Mchaga si shamba tupu. Ni migomba juu na mibuni chini yake, ng'ombe zizini, mfereji wa maji upitao kando, na makaburi ya wazee ndani ya mpaka. Kwa mila, kihamba hutoka kwa baba kikaenda kwa mwana wa kiume, na kitinda mimba ndiye abakiye katika nyumba ya wazazi. Binti huhesabiwa kuwa ataolewa na kupata makao kwa mumewe. Mjane hukaa kwa ajili ya watoto wake, hasa wa kiume. Mila hiyo haikuzaliwa na ukatili. Zamani ndugu aliyeshika kihamba cha marehemu alishika pia mzigo wa kumlisha na kumlinda mjane. Haki na wajibu vilikwenda pamoja kama macho mawili.

Kahawa ilibadili mambo. Chama cha wakulima wenyeji kilianzishwa mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Mbuni ulileta fedha, fedha ikaleta shule, na kila hatua ya ardhi ikapata thamani. Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza jinsi sheria iitwayo ya mila huko Kilimanjaro ilivyogeuka pamoja na nyakati, ingawa jina lake lilibaki lilelile. Ardhi ilipokuwa haba, haki ya kutwaa ilibaki, na wajibu wa kulea ukapungua. Ganda lilihifadhiwa, kiini kikaliwa.

Msomaji na afikiri kikao kimoja, mfano wa vingi. Matanga yameanuliwa. Wanaukoo wameketi chini ya migomba na mbege inazunguka. Mjane yu pembeni pamoja na binti zake watatu. Kwa miaka ishirini alikata majani tambarare akayapandisha mlimani kichwani, akalisha ng'ombe, akatia samadi migombani, akachuma buni. Lakini jina lililoandikwa katika daftari la chama lilikuwa la mumewe. Shemeji mmoja, ambaye kihamba chake kinapakana na kile, anasema kwa upole kwamba nyumba isiyo na mwana wa kiume haifai kuachwa bila mlinzi. Hakuna anayetukana. Hakuna anayepiga. Katibu anaandika muhtasari. Karatasi inapita mkono hata mkono, na kila mmoja anatia sahihi. Karatasi hiyo ndiyo itakayopelekwa mahakama ya mwanzo ili shemeji athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi.

Nani aliyemdhulumu mjane? Shemeji atasema kuwa ni uamuzi wa ukoo. Katibu atasema kuwa aliandika yaliyosemwa. Mwalimu mstaafu, aijuaye sheria, alinyamaza kwa sababu jambo halikuwa la nyumba yake. Kijana aliyetoka Dar es Salaam alikuwa na haraka ya basi. Dada wa marehemu, aliyenyimwa naye ardhi ya baba yake, alitia sahihi kabla ya wengi, maana aliyezoea kunyimwa huona ajabu mwingine akipewa. Kila mmoja alibeba punje. Gunia zima likamwangukia mjane. Tena wako walionufaika bila kuhudhuria: wasomi wengi walilipiwa karo kwa kahawa ya vihamba ambavyo dada zao walivipalilia na hawakuvirithi.

Karl Jaspers, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliwauliza watu wake swali la namna hii mwaka 1946, baada ya vita. Alitenga hatia ya jinai, hatia ya siasa, hatia ya maadili, na hatia ya ndani zaidi ambayo hakimu wake ni Mungu. Kikao cha migombani hakilingani na maovu yale, wala haifai kuvipima kwa mizani moja. Lakini mgawanyo ule unafaa. Sahihi ya mwanaukoo haitampeleka gerezani. Hatia yake ni ya maadili, na mahakama yake ni dhamiri.

Serikali haikulala kabisa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi ya Ephrahim na Pastory, aliamua kuwa mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi. Lakini sheria hungoja mlalamikaji, na kikao hakingoji. Mjane apataye nauli ya kwenda Moshi mjini hukuta kuwa mashahidi wake wote wamekwisha tia sahihi upande wa pili.

Watetezi husema kuwa mwacha mila ni mtumwa. Neno hilo ni kweli, lakini linamhukumu shemeji kwanza. Aliyechukua kihamba akaacha ulezi ndiye aliyeacha mila. Anayeomba mjane na binti wapewe makao anairudisha mila katika kazi yake ya zamani.

Kazi hiyo haihitaji shujaa. Yahitaji mtu mmoja aulize, kabla kalamu haijafika kwake: mama huyu atakula wapi? Swali moja huamsha la pili, na koo ambazo leo huwagawia binti zao ardhi zilianza kwa ulimi wa mtu mmoja namna hiyo. Wachaga hupanda sale mpakani mwa kihamba, na jani la sale hilohilo hupelekwa na mkosaji kuomba msamaha. Waliokwisha tia sahihi hawana haja ya kwenda mbali kulitafuta. Limeota pale pale walipouhamisha mpaka.