Sabato kule Nabugoye

Kwako shangazi mpendwa,

Niko Mbale, mashariki mwa Uganda, jirani na Mlima Elgon. Uliniagiza nikifika kwa Abayudaya nikuandikie kila kitu, basi kaa kitako unisikilize.

Abayudaya ndio Wayahudi wa huku. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, ambaye aliisoma Biblia akaamua kuifuata Torati kama ilivyoandikwa. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe. Sinagogi lao kuu liko kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji.

Ijumaa nzima ni pilikapilika, shangazi! Maji yanatekwa, nguo zinapigwa pasi, chakula kinapikwa cha leo na kesho, maana jua likishazama hakuna kuwasha moto mpaka Jumamosi usiku nyota zionekane. Kabla ya magharibi mama mwenyeji wangu aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja, akaomba. Alipoondoa mikono, uso ulikuwa umekunjuka, utadhani hakushinda jikoni tangu alfajiri.

Sinagogini waliimba kwa Kiebrania na Kiganda, sauti zikipokezana, watoto wakiimba kuliko wakubwa. Wayahudi huiita Sabato bibi harusi, kwa hiyo ubeti wa mwisho wa wimbo wa kuipokea ulipofika, wote tuligeuka kuelekea mlangoni, tukainama. Mwili ulinisisimka.

Kesho yake hakuna shamba, hakuna biashara. Watu wanasoma Torati, wanakula pamoja, wanatembeleana, wanazungumza bila kuharakishwa na mtu.

Wazee walinisimulia enzi za Idi Amin, aliyepiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa, wengi wakaiacha imani, wachache wakasali kwa siri. Wewe unaikumbuka vita iliyomng'oa Amin, wanajeshi wetu wa Tanzania walivyoingia Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Basi jioni ya siku hiyohiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoanza, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri! Ndiyo maana hapa hakuna anayeiona Sabato kuwa mzigo. Waliwahi kunyimwa, wanajua thamani yake.

Huwa tunalalamika kwamba dini ni masharti matupu. Nimeona furaha ya watu hawa ikitoka humohumo kwenye masharti: moto usipowashwa, mama naye anapata kukaa na wanawe, biashara ikifungwa, jirani anapata muda wa jirani. Nakuomba nawe, siku yako ya ibada, uzime simu, uahirishe kazi, ukae na wajukuu. Furaha ya namna hii haiji yenyewe, hutengewa siku yake.

Ni mimi mpwa wako akupendaye.