Salongo yetu Tshangalele: takataka tulizozikuta zilikuwa zetu



Wengi mliuliza kwa nini hatukuonekana sokoni Jumamosi iliyopita. Tulikuwa Kapolowe, kando ya ziwa Tshangalele, kwa kazi ya kuokota takataka. Tulitoka Likasi saa kumi na moja alfajiri, tumepanda kamio lililokuwa limebeba makala usiku, na tulifika tukiwa weusi tangu kichwa hadi miguu. Watoto wa pale walitucheka kwanza, kisha wakatuletea maji ya kunawa.

Sisi sote tunajua Tshangalele kwa samaki wake. Lakini ziwa hili lina umri wa bibi zetu tu. Lilipatikana kwa mwaka 1930, maji ya Lufira yalipozuiwa kwa ukuta kule Mwadingusha ili kutoa umeme wa viwanda vya shaba. Bonde likajaa maji, matete yakaota, ndege wakaja: bata, korongo, yangeyange, na furukombe mwenye kichwa cheupe. Mwaka 1982 UNESCO iliiandika Lufira kati ya hifadhi zake za biosfera. Mwaka 2017 bonde hili likaingia katika orodha ya Ramsar, yaani maeneo ya maji na matope yenye thamani kwa dunia nzima.

Kuna pia mnana mmoja, ndege wa manjano mwenye uso mweusi, anayefuma kiota chake juu ya vichaka vinavyosimama majini. Mtaalamu Mbelgiji, Jean-Claude Ruwet, alimpata hapa mwaka 1960. Baada ya hapo wataalamu hawakumwona tena hadi mwaka 2009. Tulipomweleza papa mvuvi aliyetuongoza kwamba ndege huyo alikuwa amepotea, alicheka sana. "Alipotea kwa nani?" akauliza.

Papa huyo alitupa sheria moja kabla hatujaanza. Ni majira ya mvua, ndege wana mayai, kwa hiyo tusikaribie vichaka hata tukiona mifuko imenasa humo. Ya pale yatangoje kiangazi. Basi tulifanya kazi ukingoni tu, matope hadi magotini. Tuliokota chupa za plastiki, viatu, bidoni zilizopasuka na vipande vya nyavu za nailoni. Katika wavu mmoja tulikuta ndege mdogo amefungwa miguu yote miwili. Mama mmoja alikata nyuzi kwa wembe, polepole, kama anayemfumua mtoto nywele. Ndege alikaa kidogo juu ya matete, halafu akaruka.

Lakini kitu kilichokuwa kingi kupita vyote ni sashe za maji. Hapo ndipo tuliponyamaza. Kati yetu wako wanaolisha watoto kwa kuuza maji ya baridi katika sashe. Mmoja wao aliinua sashe iliyofungwa fundo, akaitazama, akasema: "Hili fundo ni kama langu."

Tulimwambia papa kwamba labda ni watu wa Kapolowe wanaozitupa. Alikubali kwamba nao wanatupa. Kisha akanyosha mkono upande wa Likasi. Mto Panda unapita kwetu, unaingia Lufira, na Lufira inaingia ziwani. Mvua inapofagia mifereji yetu, haituulizi ni ya nani. Tunavitupa mlangoni, navyo vinafika huku kabla yetu, bila kulipa kamio.

Sheria ipo. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko na sashe za plastiki katika nchi yetu, pamoja na zile za kuuzia maji. Sisi wote tunajua jinsi sokoni ilivyo. Hatutaki kumnyang'anya mwenzetu mkate wake kwa neno la amri. Kwa hiyo, tukirudi ndani ya kamio, tulipatana hivi: anayeuza maji awe na ndoo ya kurudishia sashe tupu pembeni yake, na anayeweza kubadili auze kwa kikombe kutoka bidoni safi yenye kifuniko, avioshe vikombe kwa sabuni. Chama kitatoa vikombe vya kwanza kwa mkopo wa sanduku letu.

Magunia yote tuliyojaza tulirudi nayo Likasi, maana kuyaacha Kapolowe ingekuwa kuhamisha uchafu tu. Chupa nzima zimechukuliwa na wamama wanaouza mafuta. Yaliyobaki yako bado nyuma ya nyumba ya mkutano, na mahali pazuri pa kuyapeleka hatujapata. Mwenye wazo alilete Jumatano.

Tutarudi Tshangalele kiangazi, vichaka vikiwa bila mayai. Leteni mabuti, glavu na bukari ya njiani. Na kuanzia leo, kila mmoja aanze na mfereji wa mlangoni pake.