Giza 123

Gemu yangu itakamilika mwaka 2035. Nikimwambia mtu hivyo, swali la kwanza huwa kama ni ya simu, la pili nani kanifadhili. Ni ya kompyuta, na hakuna aliyenifadhili. Naiandika peke yangu katika chumba cha kupanga Nyegezi, usiku, baada ya kazi za uzamili, na tasnifu yangu inahusu jambo jingine kabisa.

Gemu inahusu uvuvi wa dagaa. Unaanza ukiwa kijana mgeni ndani ya mtumbwi wa Ukerewe, enzi za karabai, na ukivumilia unafika zama za taa za sola. Hakuna adui wa kupigana naye. Kuna ziwa, kuna wenzako watatu, kuna mwenye chombo anayechukua fungu lake kwanza, na kuna mwezi. Mwezi ndio uliofanya miaka iwe kumi.

Dagaa hufuata mwanga. Ukiwasha taa juu ya maji usiku wa giza wanakusanyika chini yake. Usiku wa mbalamwezi ziwa zima linang'aa, taa yako haina maana, na wavuvi hupumzika au hushona nyavu. Hayo Mwanza yanajulikana hata kwa mtu anayekutana na dagaa pale Mwaloni Kirumba tu, wakiwa wamekauka ndani ya magunia. Yaliyobaki nilifundishwa na Babu, mzaa mama, aliyevua tangu ujana wake mpaka magoti yalipokataa. Siku zinazofuata mwezi mpevu, aliniambia, mwezi huchelewa kuchomoza. Kwa hiyo unaingia ziwani jua likizama tu, unavua haraka haraka kabla haujakukuta. Mwezi ukiwa unakua ni kinyume chake. Unakaa ufukweni na koti lako, unausubiri uzame, ndipo unasukuma mtumbwi, na alfajiri inakufukuza kwa nyuma.

Nikaamua gemu ifuate mwezi wa kweli, ule uliopo angani siku unayocheza. Ukiifungua leo na nje kuna mbalamwezi, mtumbwi wako uko nchi kavu. Unaweza kushona wavu, kugeuza dagaa mchangani, kudaiwa, kusikiliza wazee wakibishana kuhusu upepo. Kuvua, hapana. Mwezi hurudi mahali pake kila baada ya siku 29 na nusu hivi, na miaka kumi ina giza 123, la 124 likiwa limeanza. Nimejiwekea sharti: kila giza, kipande kimoja kipya kinachochezeka. Mbalamwezi ni ya kurekebisha tu.

Rafiki yangu anayeandika programu za benki aliuliza kwa nini nisibadili saa ya kompyuta nikamaliza mwakani. Ninaibadili, nikiwa natafuta hitilafu. Lakini kama mchezaji atachoka kusubiri, au ataanza kuinua macho angani kila akitoka nje usiku, saa ya uongo haiwezi kunionyesha. Wachezaji wangu wa majaribio walikuwa tisa, wawili wameshaondoka. Mmoja aliyebaki yuko Mbeya, mbali kabisa na ziwa hili, na hunitumia ujumbe saa nne usiku: "Huku mawingu. Kwenu umetoka?"

Katika kazi hii miaka kumi si kioja. Olivier Madiba wa Kamerun alianza kuiwaza gemu ya Aurion mwaka 2003. Studio yake, Kiro'o Games, ilifunguliwa Yaoundé mwaka 2013, na gemu ikatoka Aprili 2016. Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, walianza Dwarf Fortress mwaka 2002, wakaitoa bure kwa watu mwaka 2006, na waliendelea kuijenga kwa miaka mingi kabla toleo lenye picha halijaanza kuuzwa Desemba 2022. Habari zao hunipa moyo kwa nusu saa hivi, kisha umeme unakatika.

Ziwa lenyewe nalo halitulii likachorwa. Mei 2020, kwenye kipimo cha Jinja, maji yalifika mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964, na mialo mingi ikamezwa. Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, nami nilikuwa nimeshachora kivuko, foleni ya malori, na akina mama wa mahindi ya kuchoma wanaoishi kwa foleni hiyo. Sikukifuta kivuko. Ndani ya gemu kitafanya kazi mpaka giza la tisini na kitu, halafu siku moja mchezaji atakuta foleni haipo.

Watu wa kwetu hawahitaji kwenda Marekani kutafuta mfano wa kazi ndefu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, ili lugha na maisha ya watu wake visipotee. Haikupata wa kuichapa kwa Kikerewe. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaichapa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki, vitabu vikiwa bado havijamfikia mkononi.

Habari hiyo husimuliwa kama funzo la uvumilivu. Mimi huwa inanikasirisha. Uvumilivu wake haukuwa na kasoro yoyote, kazi alikwisha kuifanya. Miaka 35 iliyofuata ilikuwa mikononi mwa wengine. Ndiyo maana miaka kumi ya kuandika hainiogopeshi sana. Naogopa kabati. Nimechagua injini ya Godot kwa kuwa ni huru na ya bure, hakuna kampuni itakayonifungia mlango. Maneno yote nayahifadhi kwenye mafaili ya maandishi matupu, nakala tatu, moja iko kwa dada yangu Dodoma. Na kila kipande kinatoka giza lake linapoisha, kikiwa na vumbi lake, hakingoji vingine.

Babu alizaliwa mwaka huohuo wa 1945. Ana miaka 81. Nilipomweleza hesabu ya giza 123, tukiwa tumekaa nje kwake karibu na Nansio, alicheka mpaka akakohoa.

"Mke wangu, mwaka huo mimi sipo."

"Utakuwepo, Babu."

"Usinibembeleze. Wewe sema unataka nini kabla sijaondoka."

Nilitaka sauti. Tangu hapo kila giza napanda meli ya Nansio na kinasa sauti kidogo. Ameshanipa maneno 160 hivi ya Kikerewe ya vyombo, maji na hali ya anga, na ndiye mzee anayekaa nyuma ya mtumbwi ndani ya gemu, akitoa amri kwa Kikerewe huku tafsiri ikipita chini. Macho yake hayaoni vizuri kioo cha kompyuta, kwa hiyo mimi nabonyeza, yeye anasikiliza na kuelekeza. Mtumbwi ukigeuka vibaya anajua kwa mlio wa kasia.

Kuna jambo ambalo hajaniuliza, nami sijalisema. Watu wa kwenye gemu wanazeeka kwa mwezi uleule. Kwa hesabu niliyoiandika mwenyewe, mzee wa nyuma anaacha kwenda ziwani giza la 60, na kinachofuata baada ya hapo ni ukurasa mtupu kwenye daftari langu. Mama anasema nimwache aishi, kwani nani atanishtaki. Bado sijaamua. Gemu nzima imejengwa juu ya mwezi usiomngojea mtu, na sioni namna ya kumpa mmoja ruhusa bila wengine watatu kuuliza kwa nini.

Giza lililopita, la 14, tulikuwa tunajaribu safari ndefu ya kuelekea maji ya nje. Babu alisikiliza makasia kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza kama yule mzee hawezi kufungiwa mashine, maana mabega yamemchoka. Nikamwambia mashine za boti zinaingia giza la arobaini. Akahesabu kwa vidole, akarudia, akatikisa kichwa.

"Mbali huko. Mtafutie walau tanga."

Tanga halikuwemo kwenye mpango. Nimeliweka giza la 15, linaanza Jumatano.