Kabla ya Kuhamia Pembezoni mwa Jiji

Ndugu msomaji, ikiwa umepanga nyumba katika jiji la Dar es Salaam nawe una watoto, huenda siku moja utaletewa habari kama niliyoletewa mimi mwaka jana. Mwenye nyumba wetu wa Magomeni alibisha hodi baada ya magharibi, akaketi, akanywa maji, kisha akatueleza kwa upole kwamba nyumba ameiuza na mnunuzi anataka kuibomoa ajenge ghorofa. Alitupa miezi mitatu. Tulikuwa tumekaa humo miaka minane, na watoto wetu wote wawili walizaliwa tukiwa humo.

Kodi ya vyumba viwili katika mtaa ule ilikuwa imekwisha kupanda kupita mshahara wangu. Hatukuwa na budi ila kwenda pembeni, kama walivyokwenda wengi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, wala Kariakoo na Ilala hazikupanuka hata hatua moja. Basi mji umekimbilia Mbagala, Chanika, Goba, Kibamba na Kigamboni, na wengine wamevuka mpaka wa mkoa hadi Kibaha. Kila alfajiri wanarudi mjini kutafuta riziki.

Nilichukua daftari nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika kodi ya kila mahali nilipopasikia, upande wa pili nauli yangu ya kwenda na kurudi. Mahali ambapo jumla ilikuwa ndogo ndipo pangekuwa petu. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na hufanya kazi kwa zamu, alilisoma daftari lile hadi mwisho, akanirudishia.

“Baba watoto,” alisema, “hesabu yako ni nzuri, lakini nyumba hii ina watu wanne, na wewe umemhesabu mmoja.”

Nilikasirika kidogo, maana nilijua kwamba amesema kweli.

Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa upande wa Kibamba, kando kidogo ya Barabara ya Morogoro. Ilikuwa na vyumba vitatu, mwembe uani, na kodi iliyokuwa nusu ya ile ya Magomeni. Mimi nilikuwa tayari kulipa siku ile ile. Mke wangu alishauri kwamba kwanza niende siku ya kazi, tena nimchukue binti yetu wa darasa la tatu akiwa amevaa sare, tukasimame kituoni saa ya kwenda shule, kwa kuwa shule iliyokuwa na nafasi ilikuwa mbali na nyumba.

Tulisimama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wewe msomaji unajua kwamba nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na unajua pia jinsi baadhi ya makondakta wanavyoilipiza tofauti hiyo. Daladala mbili zilipunguza mwendo, zikaona sare, zikaendelea. Ya tatu ilisimama. Kondakta aliweka mkono mlangoni juu ya kichwa cha mtoto, akaniambia, “Mzee wewe panda, huyu mdogo asubiri inayofuata.” Sikupanda. Binti yangu hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza tu, “Baba, na wewe ukiwa umekwenda kazini, mimi nitasubiri na nani?”

Sikuwa na jibu. Tulirudi Magomeni, na mwembe ule nikausahau.

Katika barabara hiyo hiyo nilijifunza jambo jingine. Mwaka 2017, barabara ilipotakiwa kupanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya eneo lake zilivunjwa. Kwa hiyo, hata kama wewe ni mpangaji tu, usione haya kumwuliza mwenye nyumba habari za hati, za upimaji wa kiwanja na za hifadhi ya barabara. Ikiwa ataona swali hilo ni utovu wa adabu, umekwisha kupata jibu lako.

Nyumba ya pili ilikuwa Segerea, jirani na bonde la Mto Msimbazi. Hapa mimi na mke wangu tulikubaliana mara moja, kwani mabasi yalikuwa mengi na shule ilikuwa karibu. Ulikuwa mwezi wa Januari, ardhi imekauka, na dalali alituharakisha akidai kuna mtu mwingine anakuja jioni na fedha mkononi. Mke wangu aliutazama ukuta wa sebule. Rangi ilikuwa mpya kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua chake, na juu yake ilikuwa ya zamani. Akatoka nje kana kwamba anakwenda kununua maandazi. Mama aliyeyauza alimfungia ya shilingi elfu moja, akamwambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, rangi ile hupakwa kila masika yakipita.”

Nilikumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu katika jiji hili na kuzifanya familia nyingi za mabondeni kuhamishiwa Mabwepande. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba ni vema kujua nani wa kuulizwa. Dalali hupata chake siku mkataba unapotiwa sahihi. Muuza maandazi atakuwa jirani yako mvua itakapokuja.

Tulibakiwa na wiki tano. Ndipo mwenzangu mmoja wa kazini aliponitajia Kibada, huko Kigamboni. Nilikataa bila kufikiri, kwa sababu kichwani mwangu Kigamboni ilikuwa ni foleni ya kivuko tu. Mke wangu akanitaka nihesabu njia. Nilihesabu tatu. Kuna kivuko cha Magogoni. Kuna Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, lililofunguliwa mwaka 2016. Na kuna barabara ya nchi kavu inayozungukia Kongowe. Mahali penye njia moja, njia hiyo ikifungwa, mtoto wako anakusubiri mpaka usiku wa manane. Mahali penye njia tatu utachelewa, lakini utafika.

Kibada ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kwa hiyo mitaa yake imenyooka na gari la wagonjwa linaweza kupita. Tuliuliza habari za maji, kwani hakuna mkazi wa jiji hili aliyesahau mgawo wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua. Nyumba ilikuwa na tangi, na kisima kilikuwa mtaa wa pili. Nilitembea na binti yangu kutoka mlangoni hadi shuleni: dakika kumi na mbili, bila kuvuka barabara kubwa. Tulirudi tena usiku, saa mbili, tukaona watoto wanatumwa dukani bila hofu.

Hata hivyo, kilichotuamulia hakikuwa katika daftari langu wala katika maswali ya mke wangu. Mwenye nyumba ni bibi mjane anayekaa nyumba ya mbele. Tulipokuwa tunapatana bei, mvulana wetu wa miaka minne alipotea machoni petu. Tulimkuta jikoni kwa bibi, ameketi juu ya kibao cha mbuzi, anakula ukoko wa wali. Bibi alisema, “Mwacheni amalize kwanza. Nyinyi endeleeni na mambo yenu.”

Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba tumehamia peponi. Mimi huamka saa kumi na nusu alfajiri, nami nimekwisha kusinzia kivukoni hadi jirani akanigusa bega tulipofika ng’ambo. Kodi ya hapa, ukijumlisha nauli, inazidi ile ya Kibamba, na koti jipya nililolitamani limebaki dukani. Zamu za usiku za mke wangu bado zinatupa shida.

Lakini umbali ni mzigo, na kila familia inayohama hugawana mzigo huo, itake isitake. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, kaa na mwenzako muulizane ni nani kati yenu atakayeubeba. Sisi tulitaka kumtwisha mtoto wa darasa la tatu bila kujua. Sasa naubeba mimi mwenye mabega, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa nasukumana mlangoni mwa basi, najua kwamba binti yangu yuko mezani anakunywa uji.