Hita Isiwake Nyumba Ikiwa Tupu

Perth, Australia

Dada,

Umeuliza kama mkishamaliza kuvuna kahawa na kushuka Mbamba Bay, umeme wa hita ya jua kwenye nyumba ya Mbinga uachwe ukiwaka. Hapana. Uzimeni.

Huku hita hizi zimezoeleka, na wenyeji wanajua kwamba maji hupashwa na jua. Umeme ni wa kusaidia siku ya mawingu. Ukiachiwa, umeme hausubiri. Watu wakioga usiku, maji baridi yanaingia kwenye tangi, hita inawaka yenyewe, na jua likichomoza linakuta maji yameshachemshwa kwa umeme wa LUKU. Ndiyo maana wengi hufunga taima, umeme uwake alasiri tu, ikionekana jua halikutosha.

Piga hesabu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunakula karibu uniti 10. Hata bomba lisipofunguliwa, tangi la kiasi hicho huweza kupoteza joto la uniti 2 hivi kwa siku. Jua likijificha mfululizo, kama huko Umatengo, Mbinga, wakati wa mvua, umeme ndio unaofidia: mwezi mzima ni uniti 60 na hakuna aliyeoga! Kama mita yenu iko kundi la D1, la matumizi madogo, kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, na hita peke yake itakuwa imekula sehemu kubwa. Ni kweli tangu gridi ya taifa ifike mkoani kwetu Ruvuma mwaka 2018 tumeachana na jenereta za dizeli, lakini uniti bado zinanunuliwa kwa jasho la kahawa.

Fundi aelekeze paneli kaskazini, asifuate picha za Ulaya zinazoelekeza kusini. Juni na Julai, baridi ya Mbinga ikiuma na nyumba imejaa wavunaji, jua la mchana liko kaskazini.

Mkiondoka, funikeni paneli kwa turubai, maana maji yasiyotumika huchemka kwa jua peke yake na kuichosha vali ya usalama. Mkirudi, pasheni tangi lote lifike nyuzi 60 kabla ya yeyote kuoga. Maji ya vuguvugu yaliyotuama huzalisha bakteria wa Legionella, waletao homa kali ya mapafu. Waligunduliwa baada ya watu kuugua hotelini Philadelphia mwaka 1976. Mama ana umri mkubwa, kwa hiyo hili msilipuuze.

Mwombe Shemeji atafute fundi wa taima kabla hamjapanda Mbinga mwezi Juni. Gharama yake nitatuma mimi.

Mdogo wako