Denmaki na Manyara Juu ya Ramani Moja

Sisi twakaa Maisaka, katika mji wa Babati. Siku moja tulikuwa na watoto wetu mbele ya ramani ya dunia, tukawaonyesha Denmaki, tukasema, “Hii ni nchi ndogo.” Mtoto mmoja akauliza, “Ndogo kuliko nini, mwalimu?” Swali lile lilitutahayarisha, maana hatukuwa na jibu. Tukatafuta hesabu zake.

Tukaona ya kuwa Denmaki, ukiacha Greenland na visiwa vya Faroe vilivyo chini ya mfalme yule yule, ina kilomita za mraba kama 43,000. Mkoa wetu wa Manyara wapita 44,000. Basi sisi tuliowahurumia Wadenmaki kwa udogo wa nchi yao twakaa katika mkoa mmoja tu ulio mkubwa kuliko nchi hiyo! Lakini kwa watu wametushinda mbali: wao ni karibu milioni 6, na sisi katika hesabu ya mwaka 2022 tulikuwa 1,892,502.

Nchi yao ni rasi iitwayo Jutland, pamoja na visiwa zaidi ya 400, na Copenhagen, mji mkuu, uko kisiwani. Nchi ni tambarare. Kilele chake kirefu, Møllehøj, hakifiki mita 171. Hapo watoto walicheka sana, kwa kuwa Kwaraa, mlima usimamao juu ya nyumba zetu, wapita mita 2,400, na Hanang wapita 3,400. Kicheko hakikudumu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Hanang uliporomoka, matope na mawe yakashuka Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Darasani wapo waliokuwa na jamaa huko.

Kwa lugha hatuna haja ya kuona haya mbele ya mtu. Denmaki karibu wote husema Kidenmaki, na kusini mwa Jutland wapo wachache wasemao Kijerumani. Kwetu, Wagorowa wenye nchi hii ya Babati, na Wairaqw wa Mbulu, wana lugha za Kikushi. Wambugwe na Warangi ni Wabantu. Wabarbaig na Wamasai lugha zao ni za Kiniloti. Na huko Yaeda Chini wako Wahadza, ambao lugha yao haina ndugu ajulikanaye. Siku ya soko waweza kuzisikia nyingi katika hizo kabla hujamaliza kununua chumvi.

Sasa khabari ya mipaka, nayo ndiyo iliyotufikirisha zaidi. Mwaka 2007 Wadenmaki waliunganisha wilaya zao: zilikuwa 271, zikawa 98, na juu yake wakaweka majimbo 5. Sisi tumekwenda njia nyingine. Zamani za Waingereza Babati ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Baadaye Mbulu ikazaa Hanang, na mwaka 1985 Hanang ikazaa Babati. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ukakatwa kutoka Arusha, na Babati ikawa makao yake. Chini ya wilaya ziko tarafa, kisha kata, kama hii yetu ya Maisaka, kisha mitaa mjini, na vijiji na vitongoji shamba.

Je, nani ana akili, aunganishaye au agawaye? Sisi twaona kila mmoja amefuata miguu ya watu wake. Mwenye madaraja na barabara njema hadhuriki ofisi ikisogezwa mbali. Lakini tulimjua mama mmoja mjane, kabla ya 2002, aliyekwenda Arusha mara tatu kwa karatasi moja, akauza mbuzi kwa nauli, na mara ya tatu akaambiwa mwenye muhuri yu safarini. Kwake yeye mkoa mpya haukuwa jambo la ramani.

Hata hivyo tusijisifu upesi sisi wa Babati. Mtu wa Kibaya, katika wilaya ya Kiteto, yu ndani ya mkoa huu huu, naye safari yake mpaka kwetu ni ndefu sana. Yule mtoto wa swali la kwanza aliipima kwa uzi, akatutazama, akauliza, “Na huyu, mwalimu, atauza mbuzi wangapi?”